Jani, Nta na Bakteria: Uhakiki wa Istilahi Tatu

Istilahi isiyofaa haiharibu sentensi tu. Huharibu pia elimu inayobebwa na sentensi hiyo. Jambo hili ladhihirika katika maandishi ya kilimo yanayoeleza maisha ya bakteria juu ya majani. Twapenda kuyapima hapa maneno matatu.

La kwanza ni "vijidudu vya maradhi", ambalo aghalabu hutumiwa kwa bakteria wote. Jani lenye afya laweza kuwa na bakteria kati ya milioni 1 na milioni 10 katika kila sentimita moja ya mraba, na walio wengi hawaudhuru mmea. Hata Pseudomonas syringae, ambaye baadhi ya aina zake huyaambukiza maharage, aweza kukaa juu ya jani pasipo dalili yoyote ya ugonjwa. Bwana shamba akisoma "vijidudu vya maradhi" atamwambia mkulima apige dawa isiyohitajika. Neno "bakteria" limekwisha kuzoeleka. Na litumiwe, maradhi yakitajwa pale tu yanapokuwapo.

La pili ni "ngozi ya jani". Neno hili lalifaa tabaka la nje la seli hai. Lakini juu ya tabaka hilo upo utando usio hai, wa kutini na nta, ambao hulikinga jani lisikauke. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi matone ya maji yanavyobingirika juu ya jani la magimbi. Nta ni sababu mojawapo. Bakteria tunaowazungumzia huishi juu ya utando huo, nao hula sukari kidogo inayopenya humo. Vitu viwili vikipewa jina moja, maelezo hayo hayaeleweki. Kwa hiyo twapendekeza "utando wa nta".

La tatu, nalo ndilo lenye uzito zaidi, ni "sabuni". Bakteria huyo Pseudomonas syringae hutengeneza kemikali iitwayo siringafaktini. Kama sabuni, kemikali hiyo hupunguza mkazo wa uso wa maji, hata tone likatandaa badala ya kubingirika. Ulinganisho huo ni sahihi, ila waishia hapo. Sabuni huondoa uchafu ikaenda zake na maji. Siringafaktini hung'ang'ania nta. Tena, mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwamba huvuta mvuke wa maji kutoka hewani, na hivyo humsaidia bakteria kustahimili unyevu wa hewa unaopanda na kushuka. Basi jani lililo kavu mkononi mwa mkulima laweza kuwa na unyevu pale alipo bakteria. Msomaji wa neno "sabuni" hawezi kulifikia wazo hilo. Atadhani jani linaoshwa.

Hapa pana sifa mbili, na kila moja yastahili jina lake. Kinachosaidia maji kutandaa twapendekeza kiitwe "kiloweshi". Kinachovuta mvuke kiitwe "kivutaunyevu", kwa muundo ule ule wa "kipimajoto" na "kinasasauti". Siringafaktini ni vyote viwili. Lakini si kila kiloweshi ni kivutaunyevu, wala si kila kivutaunyevu ni kiloweshi. Mfasiri asiyezitenga sifa hizo huwa ametafsiri nusu ya habari.

Wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya kazini. Yakishindwa kueleza jinsi jani linavyobadilishwa na wakazi wake, na yaachwe.