Hesabu ya Fundi Umeme

Saa mbili usiku Mbagala, jagi la umeme lililoandikwa wati 2000 hukawia kuchemsha maji yale yale ambayo mchana liliyamaliza upesi. Mwenye nyumba hulilaumu jagi. Fundi anayeijua kazi yake haanzi na bisibisi. Huchomeka multimita kwenye soketi, husoma volti 180, kisha huomba kalamu.

Umeme wa majumbani Tanzania umepangwa kuwa volti 230. Wati 2000 ukizigawa kwa 230 unapata ampea 8.7, na 230 ukizigawa kwa 8.7 unapata ukinzani wa koili, omu 26 na ushei. Volti zikishuka, ukinzani huo unabaki karibu pale pale. Kwa volti 180, basi, mkondo unakuwa ampea 6.8, na 180 mara 6.8 ni kama wati 1225. Volti zimepungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, lakini nguvu imepotea karibu mbili ya tano, kwa kuwa mkondo nao umeshuka pamoja na volti. Lita moja na nusu ya maji ya nyuzi joto 28, ambayo umeme ukiwa kamili huchemka kwa takriban dakika nne, sasa inataka sita. Jagi ni zima. Volti zimeishia njiani, kati ya transfoma na nyumba ya mwisho ya mtaa, maana nyaya za nguzoni nazo zina ukinzani wake, na saa hiyo kila nyumba inavuta.

Kugawanya na kuzidisha, basi. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Sifa ya fundi ni kujua agawe nini kwa nini, na kuiamini hesabu kuliko mazoea.

Kanuni anayoitumia ilichapishwa mwaka 1827 na Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyezaliwa Erlangen. Baba yake alikuwa fundi makufuli aliyejisomea hisabati mwenyewe na kuwafundisha wanawe nyumbani. Inapendeza kwamba kanuni hii ilitoka katika nyumba ya fundi. Kwao Ujerumani ilipokewa kwa ubaridi. Heshima ilikuja kutoka London mwaka 1841, Royal Society ilipompa Ohm nishani ya Copley. Mwaka huohuo James Joule, kijana wa Uingereza ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha bia, alichapisha kanuni ya pili ambayo fundi hawezi kuishi bila hiyo: joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne.

Pahali ambapo hesabu hii hufanya kazi ya usuluhishi ni nyumba ya kupanga. Tandika au Mwananyamala, vyumba sita vinachangia mita moja ya LUKU, na kila uniti zikiisha mapema lazima mtu anyooshewe kidole. Fundi akiitwa, huanza na kifaa kisicho na maandishi: jiko la koili la sahani moja, lebo imeshaungua. Hulichomoa, hugusisha ncha mbili za multimita kwenye plagi, na kioo kinaonyesha omu 53. Hapo 230 mara 230, gawanya kwa 53: wati 998, tuseme 1000. Kwa matumizi ya saa mbili kwa siku, jiko hilo hula uniti 60 kwa mwezi. Taa ya wati 9 ya jirani anayelaumiwa kwa kulala na taa, hata ikiwaka saa sita kila usiku, haifiki uniti mbili. Wastani wa uniti 75 kwa mwezi ndio ukomo wa kundi la D1 la TANESCO, lenye bei nafuu; jiko moja limekaribia kuumaliza peke yake. Kwa friji na feni fundi mzuri huwa mwangalifu zaidi, kwa sababu zina mota, na volti mara ampea hapo hutoa namba kubwa kuliko wati zinazotumika kweli.

Hesabu hiyohiyo huzuia moto. Katika karakana za samani za Keko, mashine moja ya kukata mbao inaweza kuvuta ampea 13 kupitia ekstensheni ya mita 30. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.73 hivi. Inaonekana si kitu. Lakini 13 mara 13 mara 0.73 ni zaidi ya wati 120, zote zikigeuka joto ndani ya waya, na ekstensheni ikiachwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake joto hilo halina pa kutokea, plastiki hulainika. Kwa waya wa 2.5 hasara hushuka hadi wati 75 hivi, na ukikunjuliwa wote sakafuni, joto hutawanyika.

Haya hufundishwa VETA Chang'ombe, wilayani Temeke, na EWURA hutoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja. Hata hivyo nyumba za Chamazi na Bunju hujengwa chumba baada ya chumba, na mchoro wa wayaringi uliopigwa muhuri siku ya kuomba umeme haujui kwamba miaka mitatu baadaye bafu litawekewa hita ya wati 4500. Hiyo ni karibu ampea 20. Fundi wa haraka huiunga kwenye waya wa taa ulio karibu. Fundi anayestahili kusifiwa huvuta waya wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye mein swichi, huipa hita breka yake, na ndani ya mfuniko huandika kwa kalamu ya wino: hita, 4500, ampea 20, ili fundi atakayefuata asome kabla hajaongeza kitu.