Kuifungulia Hewa Njia

Injini ya rotari haina pistoni. Ina rota ya pembetatu inayozunguka ndani ya ganda la alumini, na Mazda wa Hiroshima walianza kuiuza mwaka 1967 katika Cosmo Sport, kisha RX-7, baadaye RX-8. Wanaoisifu kwa mwendo ni wengi. Mimi namsifu fundi anayeitoa hewa baada ya kubadilisha kulanti, maji ya kuipoza.

Silinda ya pistoni huchoma mafuta, kisha ikavuta hewa mpya na kupata nafuu. Kwenye rotari kila kazi ina mahali pake: upande mmoja huvuta tu, upande wa plagi huchoma tu. Penye plagi ukuta wa ganda haupumziki. Kiputo kikijibanza nyuma ya ukuta huo, maji hayaugusi. Alumini huvimba kuliko mabamba ya chuma yaliyoibana, na mipira ya kuzuia maji katikati yake huungua. Gari likichemsha hivyo, mara nyingi injini hushushwa na kufunguliwa yote. Na geji yaweza kudanganya, maana kitambuzi kilichozungukwa na hewa hakijui joto la maji.

Basi fundi huinua pua ya gari injini ikiwa baridi, ili mdomo wa kujazia uwe juu ya vyote. Hita huifungulia mpaka mwisho, kwani nayo huficha hewa. Humimina kulanti polepole. Mwenye pupa huifungia hewa ndani kwa mkono wake mwenyewe. Kisha huwasha, mfuniko ukiwa wazi.

Hapo ndipo napenda kumtazama. Hubinya mpira wa juu wa rejeta, akauachia, akaubinya tena. Mdomoni maji hupanda, hushuka, hutoa vitone vya povu, halafu kiputo kimoja kikubwa hupasuka. Huongeza kidogo. Mpira bado baridi, naye hana haraka. Joto likikaribia nyuzi 82 themostati hufunguka, maji hushuka ghafla, mpira huanza kuunguza kiganja, na hewa iliyokuwa imejificha hutoka mfululizo. Wengi hufunga mfuniko kabla ya dakika hiyo, wakaamini wamemaliza.

Yeye husubiri mpaka feni iwake na kuzima, na hita ipulize moto bila kukatika. Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, hufungua tena. Maji yakiwa yamepungua, huyajaza na kuanza upya. Mteja aliyetaka gari lake jana atalalamika. Mimi nasema amlipe fundi na ule usiku wa kusubiri.