Umri na Kazi: Mwanamke Mzee katika Filamu za Pwani

Mwaka 2006 Mwingereza Andy Jones alitoa filamu juu ya Fatuma binti Baraka wa Unguja, ajulikanaye zaidi kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Filamu hiyo, As Old as My Tongue, ina sifa zake: yamwonyesha mwanamke mkongwe akiwa bado kazini, jukwaani na katika ngoma ya unyago, ambayo alikuwa mwalimu wake. Lakini kichwa chake chafichua mengi. Ulimi, ambao kwa mwimbaji ni chombo cha kazi, umefanywa kipimo cha miaka. Mtazamaji aondoka akistaajabia uzee, sigara na kicheko. Ufundi wa kuimba hauachi alama kubwa moyoni mwake.

Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alikuwa amekwisha kuonyesha njia nyingine. Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958, wahesabu kazi: vyungu alivyouza Siti, kupanda kwake katika uimbaji, safari ya Bombay ya mwaka 1928 na santuri zilizotokana nayo. Ni kweli kwamba mwandishi asifu mno, na pengine ahubiri. Hata hivyo hakuufanya uzee wa Siti kuwa kioja.

Filamu za kubuni nazo hazijasalimika. Katika Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba, mtunzi wa tamthilia na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1944, alipewa nafasi ya Samehe, mgonjwa aliyenyamaza miaka mingi. Aigiza kwa macho, na kwa ustadi usio na shaka. Lakini bikizee wa hadithi hiyo ni mzimu wa kale. Tena twastaajabishwa, hatuelezwi.

Kwetu Tanga jambo hili si la mbali. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyeimba Black Star na baadaye Lucky Star, alifariki mwaka 2016. Atakayechukua kamera kuwaendea wakongwe wa taarabu hapa Tanga, na awaulize kwanza nani alitunga shairi, nani alilitia sauti, na malipo yaligawanywaje. Miaka yao wataitaja wenyewe wakipenda.