Nidhamu ya Woga: Uchambuzi wa Dola ya Kaisari katika Filamu za Star Wars

Katika kipindi kimoja cha jioni kuhusu dola na vyombo vyake, ndugu mmoja mwanafunzi alisimama akasema maneno ambayo hayajanitoka akilini. Tulikuwa tukizungumzia uhusiano wa uongozi wa kiraia na majeshi. Yeye akasema: "Ndugu Mkufunzi, tuseme kweli. Ile Dola ya kwenye Star Wars ilikuwa na nidhamu. Amri ikitoka juu inatekelezwa hapo hapo. Sisi vikao vingi mno." Darasa lilicheka, lakini niliona vichwa kadhaa vikiitikia. Vijana hao wameziona filamu hizo tangu utotoni, wengine katika vibanda vya video, wengine katika simu zao, na bila shaka hakuna aliyezitazama kama somo la siasa. Hata hivyo somo limewaingia, tena limewaingia kinyume.

Wapo watakaosema kwamba kuchambua serikali ya kubuni ni kupoteza wakati wa kada. Fasihi yetu yenyewe inawakanusha. Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alijenga nchi inayoelea angani, akaipa mfalme na waziri, na wasomaji wa zama za ukoloni walielewa fika anazungumza na nani. George Lucas, mtunzi wa Star Wars, naye amepata kueleza kwamba vita vya Vietnam vilikuwa akilini mwake alipobuni hadithi ya jeshi kubwa lenye mitambo ya kutisha likipigana na watu wachache wenye silaha duni. Kwa hiyo Dola ile ina mizizi duniani, na ni haki yetu kuihoji kama tunavyohoji dola yoyote.

Jambo la kwanza ambalo yule ndugu hakuliona ni namna Dola hiyo ilivyozaliwa. Haikuingia kwa mapinduzi ya usiku. Katika filamu ya mwaka 2002, Seneti ya Jamhuri yenyewe inampa Kansela Palpatine madaraka ya hali ya hatari, kwa hoja kwamba majimbo yaliyojitenga yanatishia umoja. Kwa madaraka hayo anaunda jeshi la askari waliozalishwa maabara, watu wasio na kijiji wala ukoo, ambao hawakuandikishwa na mtu yeyote wala hawawajibiki kwa mtu yeyote isipokuwa mkuu wao. Katika filamu ya mwaka 2005 Palpatine anatangaza mbele ya Seneti hiyo hiyo kwamba Jamhuri imekwisha na yeye ni Kaisari. Maseneta wanashangilia. Wale waliotoa madaraka kwa muda waligundua kwamba muda huo hauna mwisho, na wengi wao hawakusikitika, maana walibakiziwa viti vyao na posho zao.

Seneti iliachwa iendelee kwa miaka 19 hivi ya hadithi, kama pambo. Tamthilia ya Andor, iliyotolewa kwa sehemu mbili mwaka 2022 na mwaka 2025, inatuonyesha Seneta Mon Mothma akihutubia ukumbi wenye viti vitupu huku wenzake wakiondoka. Ndipo inapofika filamu ya kwanza kabisa, ya mwaka 1977, na ndani yake kuna kikao kimoja kifupi ambacho kwa maoni yangu kina siasa nyingi kuliko mapigano yote yanayokizunguka.

Wakuu wamekaa kuizunguka meza ndani ya Nyota ya Kifo, ngome ya chuma yenye ukubwa wa mwezi mdogo na uwezo wa kuiangamiza sayari nzima. Gavana Mkuu Tarkin anaingia na habari kwamba Kaisari ameivunja Seneti moja kwa moja. Jenerali Tagge anashtuka. Anauliza Kaisari atawezaje kudumisha mamlaka bila watumishi wa serikali wa kuyaendesha. Swali hilo ni la msingi. Dola yoyote, hata ya kidhalimu, inahitaji mtu wa kukusanya kodi, wa kusuluhisha mgogoro wa mpaka, wa kupeleka juu habari kwamba mahali fulani chakula kimepungua. Jibu la Tarkin ni kwamba magavana wa majimbo sasa watatawala moja kwa moja, na kwamba woga utawatiisha watu, woga wa ngome hii.

Hapo ndipo muundo mzima ulipo. Juu kabisa yupo Kaisari, haonekani. Chini yake magavana, wanaoitwa Moff, kila mmoja na jimbo lake, na juu yao Magavana Wakuu kama Tarkin. Upande mwingine kuna majeshi, wa nchi kavu na wa manowari za anga, ambao hata katika kikao hicho hicho wanarushiana vijembe: Tagge akionya kuhusu hatari ya waasi, Admirali Motti anamjibu kwamba hatari hiyo ni kwa mwingine, si kwa ngome yake. Halafu yupo Darth Vader, ambaye hana ofisi inayojulikana. Si gavana, si jenerali, ila ana uwezo wa kumkaba koo mkuu wa jeshi katikati ya kikao bila kumgusa. Motti anakabwa kwa kuidharau imani ya Vader, naye anaachiwa kwa sababu Tarkin amesema basi. Je, nani mkubwa kati ya Tarkin na Vader? Mezani hapo hakuna mwenye jibu, na watu waliomo katika kikao cha namna hiyo hujifunza haraka kwamba usalama wao uko katika kunyamaza.

Tuitazame sasa nidhamu iliyosifiwa. Katika filamu ya mwaka 1980, Kapteni Piett analeta taarifa kwamba kitambuzi kimeona dalili za waasi katika sayari ya barafu ya Hoth. Mkuu wake, Admirali Ozzel, anaipuuza. Vader anaiona, anaamua, na kundi zima la manowari linaelekea huko. Ozzel anazitoa manowari karibu mno na sayari, waasi wanashtuka na kujikinga. Vader anamwua Ozzel kupitia kioo cha mawasiliano, na Piett, aliyesimama karibu na mwili unaoanguka, anapandishwa cheo palepale kuwa Admirali. Baadaye Kapteni Needa, aliyepotewa na chombo alichokuwa akikifukuza, anakwenda mwenyewe kuomba radhi na kubeba lawama. Naye anauawa. Mtu mmoja ametenda kile tunachowahimiza viongozi wetu watende, yaani kukiri kosa bila kungoja kusukumwa, na malipo yake ni hayo.

Namwomba msomaji ajiulize: afisa wa tatu, aliyeiona miili hiyo miwili ikiburutwa, atatoa ripoti gani wiki ijayo?

Jibu lipo mwanzoni mwa filamu ya mwaka 1983. Vader anafika kwenye Nyota ya Kifo ya pili, ambayo ujenzi wake umechelewa. Moff Jerjerrod, msimamizi, anajaribu kusema ukweli: vijana wake wanafanya kazi kadiri wawezavyo, na anahitaji watu zaidi. Hilo ni ombi la kawaida ambalo mkuu yeyote wa mradi angelileta. Vader anamjulisha kwamba Kaisari mwenyewe anakuja kukagua. Uso wa Jerjerrod unabadilika, na papo hapo anaahidi kwamba wataongeza juhudi maradufu. Hajaongezewa hata mtu mmoja. Sekunde chache zilizopita kazi ilikuwa haiwezekani, sasa imewezekana, na kilichobadilika ni woga peke yake. Taarifa hiyo ya uongo ndiyo inayopanda juu.

Si kwamba taarifa za kweli hazikupatikana kamwe. Mwishoni mwa filamu ya 1977, waasi wanapoishambulia ngome, afisa mmoja anamwendea Tarkin na kumwambia kwamba wameuchambua mpango wa adui na kwamba hatari ipo kweli, je, aandae chombo cha kuondokea? Tarkin anakataa kuondoka katika saa ya ushindi. Muda mfupi baadaye ngome inalipuka naye akiwemo. Wengi wanakumbuka kombora la kijana Luke Skywalker. Mimi namkumbuka afisa yule, aliyefanya kazi yake sawasawa na asiwe na mtu wa kumsikiliza.

Filamu ya Rogue One, ya mwaka 2016, inafukua zaidi kidonda hiki. Mkurugenzi Krennic ametumia miaka mingi kusimamia ujenzi wa silaha hiyo. Inapofanikiwa jaribio la kwanza juu ya mji wa Jedha, Tarkin anainyakua na sifa zake zote. Mwishoni Tarkin anaielekeza silaha ile ile kwenye kambi ya Scarif, kambi ya Dola yenyewe, Krennic akiwa ndani yake pamoja na askari wake. Na ule udhaifu uliokuja kuilipua ngome ulitiwa kwa makusudi na Galen Erso, mhandisi aliyelazimishwa kufanya kazi hiyo kwa mtutu wa bunduki. Hakuna aliyeukagua. Ukaguzi unahitaji mtu anayeruhusiwa kusema kwamba kazi ya mkubwa ina kasoro.

Hadi hapa nimezisifu filamu hizi, lakini zile za mwanzo zina upungufu mkubwa ambao hatuna budi kuutaja. Zinatuonyesha anayetoa amri, hazituonyeshi anayefanya kazi. Ngome yenye ukubwa wa mwezi inajengwa, tena mara mbili, na mtazamaji haoni mchimbaji wa madini, haoni mchomeleaji, haoni mlipa kodi. Vyuma vinajitokeza tu angani. Matokeo yake uovu wa Dola unakuwa tabia ya mzee mmoja mwenye joho jeusi, na dawa yake inakuwa kumtupa shimoni, kama anavyofanya Vader mwaka 1983. Fataki zinapigwa, mambo yamekwisha. Magavana wako wapi? Waliotajirika kwa zabuni za chuma wako wapi? Mtazamo huu wa kuing'oa kilele na kudhani mnara umeanguka umewahi kuwagharimu watu wengi katika historia halisi.

Andor ndiyo iliyolijaza pengo hilo, na ndiyo maana naiweka juu ya nyingine zote. Cassian Andor anakamatwa ufukweni bila kosa, anahukumiwa kwa dakika chache kifungo cha miaka 6, na kupelekwa gereza la Narkina 5. (Karama wa Kusadikika, aliyeshtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria, walau alisikilizwa na baraza alipoeleza habari za wajumbe sita.) Gerezani wafungwa wanaunganisha vipuri kwa zamu ya saa 12. Meza inashindana na meza, na chumba kinashindana na chumba. Meza iliyoshinda inapata ladha katika chakula, iliyoshindwa inapigwa umeme kupitia sakafu, maana wote wako peku. Walinzi ni wachache sana, kwa kuwa ushindani unafanya kazi ya mlinzi. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza tunaonyeshwa vipuri hivyo vinakokwenda: vinafungwa kwenye Nyota ya Kifo. Ile ngome ambayo mwaka 1977 ilijitokeza angani kama muujiza imepata wajenzi wake baada ya miaka 45.

Tamthilia hiyo inatuingiza pia katika idara ya usalama ya Dola, yenye maafisa wa sare nyeupe wanaokaa mbele ya Meja Partagaz kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkali. Dedra Meero ni hodari kuwashinda wenzake wote. Anagundua kwamba wizi wa vifaa katika majimbo mbalimbali unaunganishwa na mkono mmoja, lakini kila jimbo lina mwenyewe, na kuuliza habari za jimbo la mwenzio ni uchokozi. Kwa hiyo anaanza kujilimbikizia taarifa kwa siri. Uhodari huo huo unatumwa Ghorman, sayari ambayo Krennic anaitaka madini yake kwa ajili ya silaha: kwanza wananchi wanachafuliwa jina kwa propaganda, kisha wanachokozwa hadi waandamane, kisha wanapigwa risasi uwanjani. Dedra anatekeleza. Na hatimaye ni zile taarifa alizojilimbikizia, zilizovuja kutoka mikononi mwake, zinazomtia hatiani. Tunamwona mara ya mwisho akiwa na nguo za mfungwa katika gereza la mtindo ule ule wa sakafu ya umeme. Partagaz anajiua.

Niliyasema haya yote darasani kwa ufupi zaidi. Yule ndugu hakuridhika, na nampongeza kwa kutoridhika. Alisema kwamba mimi nimechagua maafisa walioshindwa, na kwamba katika kazi halisi mtu anayepewa muda mfupi hujibidiisha. Nikamwambia ajiweke mahali pa Jerjerrod: kazi imechelewa, watu hawatoshi, mkubwa wa wakubwa anakuja, na aliyesimama mbele yako amekwisha waua wawili kwa makosa madogo kuliko hilo. Ungejibu nini? Alifikiri kwa kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba angejibu vilevile, kwamba wataongeza juhudi maradufu.