Kulegea au Kupungua? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Fizikia ya Metali

Mjadala juu ya istilahi za kisayansi huelekea mara nyingi kwenye asili ya neno: je, ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza? Swali lililo zito zaidi ni kama neno hilo lasema kweli juu ya kitu kinachotajwa. Dhana moja ya fizikia ya metali yatosha kulidhihirisha jambo hili.

Bolti ya chuma iliyokazwa ili kuunganisha mabomba ya mvuke hunyumbuka kidogo, na mnyumbuko huo ndio unaoyabana mabomba. Baada ya muda mrefu katika joto kali, nguvu ya kubana hupungua ijapokuwa nati haikuzunguka wala urefu wa bolti haukubadilika. Hatimaye mvuke waweza kuvuja. Istilahi ya Kiingereza hulitaja tukio hili kwa neno lenye maana ya kulegea au kupumzika, neno ambalo James Clerk Maxwell alilitumia katika fizikia mwaka 1867. Mfasiri mwenye haraka basi huandika "kulegea kwa mkazo".

Tafsiri hiyo ina kasoro. Katika Kiswahili, kitu kilicholegea kimeachia: kamba iliyolegea haikuvutika sawasawa, na nati iliyolegea imezunguka. Mwanafunzi asomaye "kulegea" atatafuta mahali palipoachia, asipaone. Fundi ataishuku nati, wala hataishuku metali yenyewe.

Kinachotokea kimo ndani ya fuwele. Mwaka 1934 Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja peke yake, walieleza kwamba tabaka za atomu haziteleza zote kwa pamoja. Hitilafu ya mpangilio hupita kati yazo, mfano wa kunjo linalosukumwa toka upande mmoja wa jamvi hadi wa pili: jamvi zima husogea pasipo kukokotwa. Joto huzisaidia hitilafu hizo kuvuka vizuizi. Kila zinaposogea, sehemu ya mnyumbuko hugeuka kuwa badiliko la kudumu. Jumla ya mabadiliko ni ile ile, bali mkazo umepungua. Kasi huwa kubwa mwanzoni, kisha hufifia, kwa kuwa mkazo unaosukuma umepungua pia. Katika aloi, atomu za kigeni na chembe ndogo huzizuia hitilafu. Ndiyo sababu bolti nyingi za mitambo ya mvuke huundwa kwa chuma chenye kromi na molibdenamu.

Aidha, tukio hili lina pacha wake. Katika pacha huyo mzigo ndio usiobadilika, na metali hurefuka polepole. Kama "kulegea" kungefaa popote, kungefaa huko zaidi. Hivyo tafsiri ya neno kwa neno imempa pacha mmoja jina la mwenziwe.

"Kupungua kwa mkazo" kwafaa zaidi. Yaweza kupingwa kwamba mkazo hupungua pia mzigo unapoondolewa. Kwa hiyo hapana budi fasili iongeze sharti la "umbo lisipobadilika". Pingamizi kwamba wanaisimu wamekwisha kulitwaa neno "mkazo" kwa matamshi halina uzito, kwani muktadha huzitenga maana hizo mbili.

Lawama isielekezwe kwa Kiswahili, ambacho vitenzi vyake vinatosha. Kilichokosekana ni subira ya mfasiri ya kuuliza kwanza ni nini kilichoshikiliwa na ni nini kilichobadilika.