Upya wa Baridi: Juu ya Santuri ya The Cold Vein

Mwezi wa Mei, 2001, waghani wawili wa Harlem katika jiji la New York, Vast Aire na Vordul Mega, walitoa santuri iitwayo The Cold Vein kwa jina la Cannibal Ox. Midundo yake yote ilitungwa na El-P, naye alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa Def Jux, kampuni ndogo iliyoitoa kazi hiyo mbali na soko la makampuni makubwa. Tangu hapo santuri hii imekuwa kipimo cha hip hop ya giza: jiji la chuma, kipupwe, na umaskini usioonyesha mwisho. Zaidi ya miaka 20 imepita, na yafaa kuuliza kama ingali mpya, au kama yasifiwa kwa mazoea tu.

Wako wasemao kwamba imechakaa. Vinanda vya umeme vivumavyo kama mitambo, pamoja na ngoma nzito zijikokotazo, viliigwa mno na waliofuata. El-P mwenyewe aliishika njia hiyo katika Fantastic Damage ya 2002. Giza nalo huvaliwa kama vazi, na alivaaye huonekana mwenye fikira nzito hata kama hana la kusema. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Walakini yaipima kazi kwa mlio wake, na maneno yaachwa kando.

Vast Aire hughani polepole. Hutamka kila neno wazi na kuacha kimya baada ya fumbo, mithili ya mchezaji wa bao aangushaye kete moja moja. Vordul Mega huyasonga maneno kama watu mlangoni. Vina vyake havingoji mwisho wa mstari, bali huzuka katikati, hujirudia, na kuvuka mpaka wa mstari bila kutua. Mwanachuoni aliyezoea kina cha kati na kina cha mwisho katika shairi atavitafuta mahali pake asivione. Kwa kuwa mahali pa kina hapajulikani mapema, sikio halipati kusinzia, hata baada ya kusikiliza mara nyingi.

Mfano ulio bora ni njiwa, aliyepewa wimbo mzima, “Pigeon”, karibu na mwisho. Katika ushairi wa Kiswahili njiwa ni mjumbe. Hutumwa kwa mpenzi, na uzuri wake hauna mashaka. Njiwa wa New York ni kiumbe kingine: rangi ya vumbi, mla makombo, adharauliwaye na wapita njia. Waghani hawa hawamtukuzi wala hawamlilii, bali wamfanya kuwa jirani yao. Kisha hufuata “Scream Phoenix”, ambamo ndege wa hadithi azaliwaye upya katika majivu yake ashika nafasi ya njiwa. Tumaini hilo halikutangazwa mapema, nalo laaminika kwa kuwa limetanguliwa na ndege aliye duni namna ile.

Si nyimbo zote zina nguvu hiyo. “Battle for Asgard” ni majigambo ya kundi, na majigambo huzeeka haraka. “The F-Word” kinyume chake, ingawa yasimulia jambo dogo la mapenzi yazuiwayo na urafiki, ingali changa kabisa. Tena hapana haja ya kuifanya santuri hii utabiri wa Septemba 11, 2001, ati kwa sababu ilitangulia kwa miezi michache. Shida iliyomo ni ya kila siku, haikungoja msiba mkubwa.

Yabaki hoja moja ngumu. Mwaka 2015 waghani wale wale walitoa Blade of the Ronin, midundo mingi ikiwa ya Bill Cosmiq. Ndimi ni zile zile, lakini mstari wapata mahali pa kulala kwa urahisi, na maneno yaliyokuwa yakishindana na mdundo sasa yabebwa nao. Kama upya ungekuwa wa maneno peke yake, ungalionekana humo pia. Wala haukuwa wa vinanda peke yake, maana waigaji walivipata vinanda wasiupate. Ulikuwamo katika ugomvi baina ya mdundo usiompa mghani pumziko na mghani asiyekubali kunyamaza.