Nani wa Kwanza? Habari za Wakilindi katika Mizani ya Elimu Zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, wa Mwanzo asiyetanguliwa na kitu. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika milima hii ya Usambara kutangulia kumekuwa hoja inayotosha peke yake. Wakigombana watu juu ya shamba, kila mmoja hudai kuwa wa kwanza. Wakigombana juu ya mihrabu, ni hivyo hivyo. Na aliyesoma kidogo huleta kitabu: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Tumeona tukitazame kitabu hicho kwa swali hili moja, kwani kila elimu ina "wa kwanza" wake, na mwenye kuzichanganya hudhulumu watu akidhani anahukumu.

Kitabu chenyewe kilipigwa chapa kwa mafungu katika matbaa ya misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha J.W.T. Allen akakitengeneza kikatoka Nairobi mwaka 1962 kikiwa kitabu kimoja. Kiswahili chake ni kitamu, na hatujui mwanafunzi wa lugha atakayekisoma asifaidike.

Kinaanza na Mbegha. Alizaliwa Ngulu akaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, na ada ya watu wa wakati ule ilikuwa kumwua mtoto wa namna hiyo. (Sheria yetu haijui hukumu ya meno, roho ni roho.) Akaishi, akakataliwa na ukoo wake, akawa mwindaji, na mwisho akafika Usambara. Akawakuta watu na mashamba yao, akawapa nyama, nao wakampa vyakula vyao. Akaua simba, akatawalishwa Vuga.

Sasa tazama. Kitabu chenyewe hakisemi kuwa Mbegha ni wa kwanza milimani. Kinasema alikuta watu. Alichopewa ni kutangulizwa, wala si kutangulia. Katika fiqhi haya ni mambo mawili. Anayehuisha ardhi iliyokufa huimiliki, kama ilivyopokewa katika Hadithi. Lakini mwindaji akipita porini na mbwa wake hajahuisha kitu. Hata aliyekwisha kuweka alama za mipaka, mashafii wanasema ana haki zaidi kuliko mwingine, ila hajamiliki. Na akichelewa, mtawala humwambia: ihuishe au iache. Basi kutangulia katika mlango huu ni kwa jembe. Anayekitumia kitabu hiki kudai kuwa ardhi yote ilikuwa ya Wakilindi tangu mwanzo, na anayekitumia kudai kuwa Wakilindi hawakuwa na haki hata ya kutawala, wote wawili wamekisoma vibaya.

Ama katika elimu ya Hadithi, wa kwanza kuandika si lazima awe wa kwanza kuaminiwa. Mbegha anahesabiwa kuwa mtu wa karne ya 18, na Abdallah anaandika mwishoni mwa karne ya 19. Katika habari za Mbegha hatusomi mlolongo wa wapokezi, nani kamhadithia nani mpaka kumfikia aliyeshuhudia. Mwanafunzi wa mustalah angeiita habari hii munqatii, au tuseme muudhali, maana waliodondoka ni wengi mfululizo. Tofauti kabisa ni habari za zama zake mwenyewe. Pale anasimulia aliyoyaona na aliyoyasikia kwa wenyewe, na hapo ndipo kitabu kina thamani kubwa.

Hata hivyo hapo pia pana neno. Abdallah alimtumikia Semboja wa Mazinde. Baada ya kufa Kimweri za Nyumbai katika miaka ya 1860, Semboja alipigana na Shekulavu, mjukuu aliyerithi, akamtoa Vuga. Mwandishi basi ni shahidi, na ni mtu wa upande mmoja. Maimamu wa Hadithi hawakumtupa mpokezi mkweli kwa sababu tu ana kundi lake. Walisimama kwenye yale yanayolinufaisha kundi lake, wakayapima zaidi. Sisi tunasema hivyo hivyo: panapomsifu Semboja, simama, pengine pote, chukua.

Wala si kweli kuwa yeye ndiye wa kwanza kuandika juu ya Vuga. Mmisionari Krapf alifika mwaka 1848, akarudi mwaka 1852, akamwona Kimweri kwa macho yake, na aliandika kuwa baadhi ya watoto wa mfalme wamesilimu. Kwa tarehe yuko mbele. Lakini alikuwa mgeni wa kupita, mwenye haja yake ya kufungua misheni, na hakukaa na watu kama Abdallah alivyokaa. Naye Steven Feierman, katika kitabu chake The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, ni wa mwisho kati ya hao watatu. Lakini alizunguka kwa wazee akalinganisha mapokezi, akaona kisa cha Mbegha kinaeleza zaidi maana ya ufalme kuliko matukio ya siku moja moja. Tunamkubalia kwa sehemu kubwa. Huyu wa mwisho katangulia katika uchunguzi, wala si ajabu kwetu: katika naskhi hukumu iliyokuja nyuma ndiyo inayotumika, nasi tunaitafuta ya kwanza tujue ipi ya kuacha.

Imebaki mihrabu. Wako wanaosema, babu yetu alisilimu kabla ya babu yenu, basi uimamu ni wetu. Katika Hadithi ya Abu Masud aliyoipokea Muslim, anatangulizwa msomaji zaidi wa Kitabu, kisha mjuzi zaidi wa Sunna, kisha ndipo aliyetangulia kuhama: wakati umekuja wa tatu. Na Imamu Nawawi katika Minhaji anamtanguliza mwenye fiqhi. Imamu aliyekwisha kuwekwa msikitini ana haki yake hapo, hilo halina mgogoro. Lakini ni haki yake yeye, na kusilimu mapema kwa babu hakumo katika mpango huo. Na mwenye shamba Bumbuli alete mashahidi wa nani alilima na nani alimrithi, kwani Abdallah bin Hemedi hakupima mipaka ya mtu.